Mahali pa Kutoboa

Ndahani ameleta Subaru yake Kizota,
ile ya bluu yenye kovu la mbuzi kwenye bampa,
akasema: Sechelela, nitobolee bomba la moshi,
uniwekee kilango cha swichi,
nikifungue nikitaka ngurumo,
nikifunge nikipita hospitali.
Akachora kwa chaki mlangoni: hapa.
Chini ya kiti cha abiria.

Nikacheka. Nikatandika boksi, nikalala chini ya gari,
tochi mdomoni, vumbi la Dodoma likinidondokea machoni.

Ukitoboa karibu na tabo, nikamwambia,
nguvu utaipata, na joto utalipata;
utakaanga waya, utakaanga mpira wa petroli,
kisha utakuja kuniuliza mimi.
Ukitoboa kabla ya sensa, kompyuta itanusa uongo,
itamimina mafuta kama mtu anayelipiwa.
Ukienda nyuma kabisa, ukaigusa sailensa,
umenunua kelele tupu.
Na pale bomba linapoinama kuliko kote, paache:
tuta la kwanza la Nkuhungu litaondoka nalo.

Mahali ni hapa. Nyuma ya masega,
nyuma ya sensa ya pili,
shibiri tatu kabla ya sailensa.
Mdomo utazame nyuma, uegemee pembeni kidogo,
usitazame chini. Huu ni Agosti,
nyasi za Veyula zimekauka kama karatasi;
ukiegesha juu yake kilango kikiwa wazi
utarudi mjini kwa miguu.

Akaikanyagia chaki yake tena. Chini ya kiti cha kushoto.
Moshi utapanda ndani, utamlaza abiria wako
usingizi usio na asubuhi.
Abiria wangu ni baba, akasema.

Nikazima grenda.

Mzee Chilongani, nani Kizota asiyemjua?
Miaka thelathini karakana ya reli,
injini za dizeli zikimla masikio
kama panya alavyo gunia, kuanzia pembeni,
hadi siku mkewe alipomwita mara nne kutoka mlangoni
naye akaendelea kumenya karanga.

Tangu ninunue gari hili, akasema Ndahani,
ananiuliza kama lina injini.

Basi nikapima upya.
Kilango kilibaki nilipotaka mimi, nyuma ya sensa.
Lakini bomba, pale linapopita chini ya kushoto,
nikalitoa kwenye raba zake
nikalifunga kwa bano la chuma, chuma kwa chuma,
boliti mbili za kumi na mbili kwenye sakafu.
Moshi uende zake nyuma.
Mtikisiko upande.
Fundi yeyote angenicheka. Wawili walinicheka.

Jumamosi tukashika barabara ya Singida, mimi kiti cha nyuma
na spana zangu, maana chuma kipya hakiaminiki.
Tulipoipita Nala, Ndahani akasimama kando.
Mzee akavua viatu, taratibu, kama anayeingia msikitini,
na yeye ni Mwanglikana.
Akaikunja kapeti. Akaweka nyayo juu ya bati.

Swichi.

Kanga wakaruka kutoka vichakani.
Mwenye baiskeli mbele yetu akashuka kabisa, akaangalia mawingu.
Mimi nilisikia kwa meno.
Mzee amefumba macho, vidole vya miguu vimejikunja,
na Ndahani hatazami barabara wala geji,
anautazama uso ule
kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Mzee akainua vidole vinne. Akakunja kimoja.
Akasema kwa sauti ile kubwa ya wasiosikia:
"Wako wanne. Mmoja anasingizia kazi."

Tukarudi Kizota tumenyamaza, kilango kimefungwa.
Nikafungua plagi moja baada ya nyingine.
Ya tatu ilitoka nyeusi kama tako la sufuria.
Ndahani akaishika kiganjani, akaigeuza,
hakujua aitupe au aiweke mfukoni.

Alilipa nusu kwa fedha, nusu kwa ndoo ya zabibu.
Ya plagi sikumtoza.